Gari la damu salama: mbona linakaa kijeshi-jeshi? Nani alianzisha huu mtindo?

#1 MwanaIpuli
Wakuu salama. Juzi timu ya damu salama walikuja chuoni kwetu hapa Tabora kuchangisha damu, mimi nimekaa kibarazani na mihogo yangu nawaangalia tu. Land Cruiser imesimama saa mbili na dakika kumi, wameshuka watu watano, hakuna anayemuuliza mwenzake nifanye nini. Mmoja anavuta vitanda vya kukunja, mwingine anapanga viti, dada mmoja kalikumbatia boksi la barafu kama kabeba mtoto mchanga. Saa mbili na nusu mtu wa kwanza keshalala sindano mkononi. Jamaa yangu ananiambia hii kitu yote asili yake ni jeshini, eti zamani walikuwa wanawafuata majeruhi vitani na damu ndani ya gari. Nikambishia, nikajua stori za kijiweni. Kuna mwenye ukweli wake? Nani alianza na vita gani?

#2 SitiYaMbele
Nimevuta kigoda, ngoja waje wenye kujua.

#3 Kumbukumbu
Mwambie jamaa yako kashinda. Aliyeanza ni daktari Mkanada anaitwa Norman Bethune, vita ya wenyewe kwa wenyewe Hispania, mwisho wa 1936. Alikwenda Madrid kama daktari wa upasuaji akaona majeruhi wengi wanafia njiani, wanafika hospitali damu imeshaisha mwilini, upasuaji utamsaidia nini marehemu. Akaenda London kununua gari la Ford na vifaa, akarudi Madrid, raia wanachangia mjini, damu inawekwa kwenye chupa na friji, usiku gari linapeleka mstari wa mbele. Mwanzo wa gari la damu ndio huo.

#4 MtaaWaPili
Kumbukumbu umekwenda vizuri ila umeruka mtu. Bethune anasikika kwa sababu baadae alikwenda China akafia huko, Mao akamwandikia sifa, basi akawa maarufu. Lakini huko huko Hispania, Barcelona, kulikuwa na daktari Frederic Duran-Jordà alianza Agosti 1936, miezi kadhaa kabla ya Bethune. Huyu ndiye alipanga kiwanda kabisa cha damu: wachangiaji wameandikishwa, damu inapimwa, anachanganya ya watu kadhaa wa grupu moja, anaifungia kwenye vichupa vyenye presha ili muuguzi akiwa porini asihangaike na mipira na mapampu, halafu lori la friji linaondoka kwenda mstari wa Aragon. Mpaka anakimbia nchi 1939 alikuwa ametengeneza lita kama 9,000. Bethune mtu wa kazi sikatai, lakini kuanza hakuanza.

#5 Kumbukumbu
Sawa mkuu nakubali Duran alitangulia. Nilichosema ni gari dogo la kuzunguka usiku kwa usiku.

#6 MtaaWaPili
Ulisema "aliyeanza ni". Ipo hapo juu, haijafutika 😂

#7 Sajenti wa Zamani
Vijana mnabishania 1936 wakati vita kuu ya kwanza ipo. 1917 huko Ufaransa, mapigano ya Cambrai, alikuwepo daktari wa jeshi la Marekani anaitwa Oswald Robertson. Yeye alichukua damu grupu O kabla mapigano hayajaanza, akaiweka kwenye chupa na dawa ya kuzuia isigande, chupa akazipanga kwenye MASANDUKU YA RISASI yenye barafu. Yale yale masanduku ya mbao ya risasi. Yakapelekwa kituo cha majeruhi. Hilo boksi alilolikumbatia dada wa mleta uzi babu yake ni sanduku la risasi. Nilifundishwa kozi ya tiba ya medani sijaisahau mpaka leo.

#8 SitiYaMbele
Sanduku la risasi?? kumbe mchezo umeanza mbali

#9 Maabara Usiku
Habari zenu, mimi nafanya kazi maabara, si mtu wa historia sana ila naona mnachanganya vitu viwili. Gari la Bethune, lori la Duran, masanduku ya huyo Robertson, yote hayo ni ya KUPELEKA damu kwa mgonjwa. Gari lililokuja chuoni kwa MwanaIpuli halina mgonjwa, limekuja KUCHUKUA damu. Safari mbili tofauti kabisa. Vitani mchangiaji anakaa mjini anasubiriwa aje, anayefuatwa ni majeruhi. Siku hizi majeruhi analetwa hospitali na bodaboda, anayefuatwa ni mchangiaji, tunamfuata chuoni, msikitini, kanisani, kiwandani, hata stendi. Sisi tunaita huduma ya mkoba. Sasa swali langu kwa wanahistoria, nani aligeuza gari likaanza kwenda upande wa pili?

Na kuhusu dawa ya kuzuia isigande, hiyo si ya mwanajeshi. Sitreti ilitumika kwa mgonjwa 1914, daktari Hustin kule Ubelgiji halafu mwaka huo huo daktari Agote kule Argentina. Bila sitreti hamna chupa wala gari, ungelazimika kumlaza mchangiaji pembeni ya mgonjwa kama zamani.

#10 MwanaIpuli
Maabara Usiku hapo umeniamsha. Kweli wale hawakuja na mgonjwa.

#11 MtaaWaPili
Jibu la #9 naona ni Uingereza 1939. Vita inakuja, wanajua London itapigwa mabomu, daktari mwanamama Janet Vaughan na wenzake wakapanga vituo vinne nje kidogo ya jiji, Slough, Luton, Maidstone na Sutton. Timu zikawa zinatoka kwenda viwandani na kumbi za vijijini kutoa watu damu. Na mnajua kuzisambaza walitumia magari gani? Magari ya aiskrimu! Kampuni ya Wall's. Na chupa zenyewe umbo la chupa ya maziwa. Duran alipokimbia Hispania alifikia huko huko London akawapa uzoefu wake. Kwa hiyo ni mnyororo mmoja tu, Barcelona ikaingia London.

#12 dereva_wa_kuchelewa
magari ya aiskrimu 🤣🤣 kwa hiyo majeruhi anasikia ule mziki wa ting ling ling anajua damu imefika

#13 BintiMzizima
Samahanini, jeshi jeshi mnaling'ang'ania sana. Aliyeanza kupanga watu wa kujitolea damu bila kulipwa alikuwa karani wa manispaa, Percy Oliver, London 1921. Alikuwa katibu wa Msalaba Mwekundu mtaa wa Camberwell, hospitali ikampigia simu inataka mtu wa kutoa damu haraka, wakaenda wachache, akaona kumbe inawezekana, akafungua daftari nyumbani kwake, jina, anwani, grupu. Simu ikilia hata usiku wa manane mtu anaamshwa anakwenda hospitali. Hapo pana bunduki gani? Pana karani na daftari. Wanaume mkiona kitu kimepangika lazima mseme jeshi.

#14 Sajenti wa Zamani
Binti heshima yako, lakini hao walikuwa wanaifuata hospitali, gari halikuwafuata wao. Uzi ni wa gari.

#15 BintiMzizima
Uzi ni wa "mtindo" soma kichwa cha habari baba.

#16 Pwani kwa Pwani
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mnasahau Wamarekani. Charles Drew, daktari mweusi, 1940 alisimamia mpango wa kupeleka plazma (maji ya damu) Uingereza, mwaka uliofuata akaongoza majaribio ya Msalaba Mwekundu wa Marekani, na magari ya friji ya kwenda kuchukua damu kwa watu yalianza kipindi hicho chake. Vita ilipoisha walikuwa wamekusanya zaidi ya painti milioni 13. Na sikitiko ni kwamba alipata ajali ya gari 1950 akapelekwa hospitali ya wazungu wakakataa kumuongezea damu kwa vile ni mweusi, akafa. Yaani aliyewafundisha kutunza damu akanyimwa damu.

#17 Kumbukumbu
Pwani kwa Pwani hiyo ya mwisho si kweli ingawa imezunguka dunia nzima. Ajali ni kweli, Aprili 1950 North Carolina. Lakini madaktari wazungu walimhudumia na walijaribu kumuokoa, madaktari weusi waliokuwa naye safarini wamesema wenyewe, majeraha yalikuwa makubwa mno. Ubaguzi wa kweli ulikuwa mwingine: jeshi la Marekani mwanzoni lilikataa damu ya watu weusi kabisa, halafu 1942 wakakubali ila itengwe, chupa ya mweusi huku ya mzungu kule. Msalaba Mwekundu wameacha kutenga 1950. Wakati mwanasayansi Landsteiner ameshagundua magrupu ya damu tangu 1901, na A ya mzungu na A ya mweusi hospitalini zinaandikwa herufi ile ile.

#18 Pwani kwa Pwani
Asante kwa kunirekebisha, hiyo nilisimuliwa na mwalimu wangu darasani tena kwa uchungu, sikuwahi kuihoji.

#19 Mjukuu wa KAR
Ngoja niwape ya kwetu. Babu yangu mzaa baba alipigana Burma vita ya pili akiwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alikufa mimi niko darasa la sita. Alikuwa anasema akiwa ameumia walimtundikia chupa ya "damu ya njano", na yeye mpaka anakufa aliamini damu ya Waingereza ni ya njano ndiyo maana ngozi yao imepauka. Alirudi kijijini na yeye macho na ngozi vimepiga unjano, watu wakasema basi keshageuzwa. Bibi alikataa kumpikia wiki nzima. Tulikuwa tunacheka, nasoma hapa najiuliza labda kweli aliwekewa kitu.

#20 Maabara Usiku
Mjukuu babu yako hakusema uongo! Hiyo ni plazma. Ukiitoa seli nyekundu, kinachobaki ni maji ya rangi ya njano kama mafuta ya kupikia. Vita ya pili waliikausha ikawa unga, vitani unaweka maji safi unatikisa unamtundikia mtu, haitaki friji wala kupima grupu. Mimi kila siku naihamishia kwenye mifuko yake naiona, njano tupu.

#21 Sajenti wa Zamani
Chupa ya njano sawa ni plazma, ila ngozi kuwa njano si plazma. Hizo ni vidonge vya malaria. Burma askari walimezeshwa mepakrini kila siku kwa amri, na zinageuza ngozi rangi ya binzari. Kikosi kizima kilikuwa njano, Muingereza, Mhindi na sisi.

#22 Maabara Usiku
Au alipata homa ya ini, ile inayogeuza macho na ngozi njano, kutokana na hiyo plazma yenyewe, enzi hizo walichanganya ya watu wengi na vipimo vya hepataitisi havikuwepo kabisa, askari wengi waliugua kwa njia hiyo.

#23 Mjukuu wa KAR
Kwa hiyo ni plazma, vidonge au ini? Bibi angekuwepo ningempigia simu sasa hivi.

#24 dereva_wa_kuchelewa
bibi alijua ukweli ndo maana aligoma kupika

#25 MamaWawili Tanga
Mimi nimekaa kimya nasoma. Nyie mnasema gari la damu limetoka Hispania, sisi tuliokulia huku tunajua gari la damu kitambo. Mama alikuwa akiona gari jekundu limepunguza mwendo jioni anatuingiza ndani, "mumiani hao". Eti wanakukamata wanakunyonya damu wanakwenda kutengenezea dawa. Mwaka juzi timu ilikuja shuleni kwa mwanangu, jirani yangu kamficha binti yake siku nzima chooni. Mwaka juzi hii hii! Halafu tunaulizana kwa nini damu haitoshi.

#26 Pwani kwa Pwani
Mama hapo umegusa. Kwetu hata zimamoto walisingiziwa, wazee walikuwa wanawaita watu hao wanyonyaji "wazimamoto" mpaka leo kuna mzee ukimwambia zimamoto anakuangalia vibaya. Gari jekundu, watu wenye mipira mirefu na sare, wanakimbia usiku, kituo chao kina mashimo. Ukijumlisha unapata mumiani.

#27 Kumbukumbu
Na neno lenyewe lina kisa. Mumiani hapo zamani ilikuwa dawa, kitu cheusi kama lami kinauzwa na wafanyabiashara, watu wa mwambao waliamini kimetengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadae jina likahama kutoka kwenye dawa likamwangukia mtengenezaji. Wapo wanaosema hofu ilikua zaidi hospitali na polisi wa kikoloni walipoanza kuchukua watu kwa nguvu, wapo wanaosema ni kampeni za damu wakati wa vita.

#28 BintiMzizima
Mimi nasema ni kodi na manamba. Mtu anakuja na gari anachukua kijana harudi, utaita nini.

#29 Kabuye Juu
Amahoro, nipo Kigali. Huku hospitali nyingi nje ya Kigali damu haiji na gari tena, inaruka. Tangu Oktoba 2016 droni za Zipline zinatoka Muhanga zinadondosha boksi na parashuti ya karatasi uwanjani kwa hospitali, droni haitui, inageuka inarudi. Nilikuwa nimempeleka dada yangu kujifungua, nikasikia kama mlio wa nyuki mkubwa, nesi katoka nje na kandambili kaokota boksi kama mtu anayeokota embe. Na droni asili yake? Jeshi tena. Sajenti pata pointi.

#30 Maabara Usiku
Kabuye hiyo safi ila bado ni upande wa kupeleka. Droni haiwezi kumlaza mtu kitandani ikamtoa mililita 450 🙂

#31 Sajenti wa Zamani
Huku kwetu nyumbani Tanzania mnalijua hili? Mpango wa taifa wa damu salama ulipoanza 2004 uligawa kanda, Mashariki Dar, Ziwa Mwanza, Kaskazini Moshi, Magharibi Tabora, Nyanda za Juu Mbeya, Kusini Mtwara, na kanda moja ni ya JESHI, Lugalo. Kanda nzima! Halafu mtu aniambie karani na daftari.

#32 BintiMzizima
Karani ndiye anayeandika majina ya hao wanajeshi wako.

#33 Pwani kwa Pwani
Kwetu Kenya nadhani ni bomu si vita. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani Nairobi, waliokufa zaidi ya 200 na majeruhi maelfu, watu walipanga foleni kutoa damu lakini hapakuwa na mfumo wa taifa wa kuipokea. Shirika la taifa la damu limekuja baada ya hapo. Magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate Nairobi 2013 nilipanga foleni mwenyewe, masaa matatu juani hakuna anayelalamika, nyuma yangu Mhindi na mkewe mbele yangu makanga. Lakini siku za kawaida wachangiaji ni wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa damu inakauka. Disemba usipate ajali.

#34 Muhamiaji wa Ontario
Huyo Bethune wa #3, nyumba aliyozaliwa iko Gravenhurst, masaa mawili hivi kutoka Toronto, nimeshawapeleka wanangu. Watalii wengi niliowakuta ni Wachina. Alikufa Novemba 1939 kwa jeraha la kidole, alijikata akifanya upasuaji bila glavu, damu ikaingia sumu. Kule China upasuaji wake ulibebwa na nyumbu (chotara wa punda na farasi), meza, dawa na vyombo vyote mgongoni. Kwa hiyo gari la kwanza linaweza kuwa na miguu minne.

#35 dereva_wa_kuchelewa
nyumbu nae anadai pointi

#36 Nesi Mstaafu Songea
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mnasema "chupa" za damu, vijana hamjiulizi kwa nini chupa wakati ni mfuko? Sisi tulianza na chupa za kioo kweli kweli, tunaziosha, tunazichemsha, ukidondosha moja unalia. Mfuko wa plastiki waliutengeneza Marekani 1950, daktari Walter na Murphy, jeshi lao likaupenda kwa kuwa haupasuki. Kwetu ulichelewa. Jina la chupa limebaki. Hata daktari kijana wa leo anaandika "aongezewe chupa mbili" na kioo cha damu hajawahi kukishika.

#37 MwanaIpuli
Mama Nesi shikamoo. Hiyo sikuwahi kuiwaza kabisa.

#38 Mchuuzi wa Kirumba
Mimi sina historia nina hasira. Mnasifia magari, mke wangu alijifungua akatoka damu nyingi, hospitali (siitaji) wananiambia lete ndugu wawili wachangie kwanza. Saa nane usiku ndugu natoa wapi, nimekuja mjini peke yangu. Pale nje kuna vijana wanakuuliza taratibu "kaka unahitaji mtu?" bei yao unaijua. Damu si inasemekana haiuzwi. Nikatoa mimi, na mlinzi wa getini akatoa, Mungu ambariki yule mlinzi. Hiyo gari inayozunguka vyuoni damu yake inaishia wapi?

#39 Maabara Usiku
Pole sana kaka, mama na mtoto wazima? Nijibu kidogo. Damu nyekundu inakaa siku 35 kwenye friji, chembe sahani, zile zinazosaidia damu igande, siku 5 tu. Ikitoka chuoni lazima ipimwe ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, inayokutwa na tatizo inachomwa. Halafu mama mmoja tu akivuja sana anamaliza chupa sita. Hao vijana wa nje ripoti, hata kama unaona aibu.

#40 Mchuuzi wa Kirumba
Wazima wote. Mtoto tumempa jina la mlinzi.

#41 SitiYaMbele
👏👏

#42 MwanaIpuli
Mrejesho wakuu. Leo timu imerudi, nikamfuata dereva nikamuuliza kama aliwahi kuwa jeshini, maana anavyopanga vitanda kwa mstari. Kacheka. Kasema alipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) akalima mahindi, kabla ya hapa alikuwa anaendesha gari la soda na kupanga haraka kajifunzia kushusha makreti.

#43 MtaaWaPili
Magari ya aiskrimu London, gari la soda Tabora. Nadharia mpya: vinywaji baridi.

#44 Nesi Mstaafu Songea
Na wewe mwanangu ulichangia, au ulikwenda kumhoji dereva wa watu?

#45 MwanaIpuli
😅 Nilijipanga mama. Wamenitoboa kidole, tone wakaliachia kwenye kichupa cha maji ya bluu, likaelea. Dada anaangalia, mimi naangalia, tone linaelea tu kama linaogelea. Kaniambia damu haijafika kiwango, nenda kale.

#46 Maabara Usiku
Hayo maji ya bluu ni kopa salfeti, tone zito linazama, jepesi linaelea. Na sijui niseme au nisiseme, kipimo hicho kilitengenezwa wakati wa vita ya pili na watafiti wa jeshi la majini la Marekani, New York.

#47 Sajenti wa Zamani
SEMA TENA KWA SAUTI BINTIMZIZIMA ASIKIE

#48 BintiMzizima
Nimesikia. Mleta uzi kakataliwa na jeshi la majini. MwanaIpuli kula matembele na dagaa, rozela kunywa na chakula, chai usinywe wakati wa kula.

#49 dereva_wa_kuchelewa
na mihogo ya kibarazani aache

#50 MwanaIpuli
Mihogo siachi.